Mbao za Bafu la Itetemia

Bagamoyo,
4 Machi 2024

Bibi yangu Dafrosa, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Babu Eustace na kuku wako wote, isipokuwa yule jogoo wa jirani anayekuonea. Mimi sijambo. Joto la huku si la kusimulia, shati nalivaa kavu asubuhi na kabla ya chai limeshaloa. Kazi hotelini inaendelea, sasa tunapamba vyumba vya juu. Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unaweka sauti kubwa mpaka Itetemia nzima inachangia mazungumzo, na jambo lenyewe si la kuchangiwa. Revocatus anapita na lori lake, nimempa yeye.

Bibi, nimepata mchumba. Anaitwa Flavia, mwalimu wa chekechea, Mzaramo wa hapahapa, Mkatoliki mwenzetu. Najua utanuna. Nuna kwanza, ukimaliza endelea kusoma.

Mama yake tunamwita Mama Levina, kwa jina la binti yake mkubwa. Ni mama mcheshi, hana ugomvi na kitu chochote duniani isipokuwa bafu. Huyo Levina alipochumbiwa na kijana wa Kilosa, mama alisafiri kwenda kuona kwao. Akala, akacheka, akalala vizuri. Asubuhi akaingia kuoga, akakuta chura. Alitoka na neno moja tu: "Hapana." Levina yuko nyumbani mpaka leo. Sasa mwezi wa saba mama huyo anakuja kwetu, na kuhusu mimi pia neno lake atalitoa akishaoga.

Juzi alikuja hotelini kwenye sherehe, akaona bafu nililolipamba mimi kwa mbao za mninga ukutani, kutoka chini mpaka juu. Akasimama mlangoni kama anasali. Nami ulimi ukaniteleza, nikamwambia, "Mama, kwetu Tabora mabafu ndivyo yalivyo. Kwani mninga unatoka wapi?" Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono.

Basi Bibi, bafu letu lipigwe mbao ukutani kabla ya mwezi wa saba, la sivyo Flavia nimemkosa. Mwite Fundi Dismasi, na umsomee haya polepole. Mbao zisigandamizwe kwenye matofali. Apige fito ukutani kwanza, mbao zipigiliwe juu ya fito, ili nyuma ibaki nafasi ya upana wa dole gumba na hewa ipite. Chini zisiguse sakafu, na juu aache mwanya. Mbao ikilowa si neno, ila ikilowa na kukosa hewa inaoza.

Msalimie Babu. Mbona simu yake haipatikani?

Mume wako mdogo,
Mathias


Itetemia, Tabora,
27 Machi 2024

Mume wangu Mathias,

Marahaba. Barua imefika, na hali zetu ni za kushukuru. Mvua imekuja vizuri, mahindi yamebeba. Mtoto wa shangazi yako Martha amepata komunyo ya kwanza, gauni lilikuwa refu akaanguka mbele ya padre, akainuka akaendelea kama si yeye. Jogoo wa jirani amekufa. Sikuhusika.

Nimenuna kama ulivyoniruhusu. Kwanza nilinuna kwa ajili ya Mzaramo, halafu nikanuna kwa ajili ya chura, maana sioni kosa lake. Na hao Wazaramo si watani zetu? Wazee wetu walitembea na pembe na mizigo mabegani kutoka hapa mpaka huko Bagamoyo kwa miguu, wakifika wamechubuka mabega, hao hao ndio waliokaa barazani kuwacheka. Ndio unaoniletea wanioneshe nisivyojua kujenga bafu. Haya. Mke mwenzangu umeshamchagua, mimi ni nani.

Dismasi amekuja, nimemsomea mara mbili. Amepiga fito, ameacha nafasi ya dole gumba, lake, ambalo unalijua ni sawa na muhogo. Juu ameacha mwanya. Mbao zimepatikana. Usiniulize zimetoka wapi, mimi sikukuuliza Flavia umemtoa wapi. Ni mninga mtupu, mwekundu, umekauka mpaka unalia ukiugonga. Tena zinanukia! Ukiingia bafuni sasa ni kama umeingia sakristia. Martha amekuja kuoga hapa mara nyingi kuliko anavyokuja kunisalimia.

Lakini niambie, huyo mama nyumbani kwake anaogea kwenye nini?

Babu yako yupo. Amekaa.

Pasaka njema. Mungu akutunze, nami nikutunzie bafu.

Bibi yako Dafrosa


Bagamoyo,
20 Aprili 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa msiba wa jogoo. Mimi mzima, Flavia mzima na anakuamkia. Nimemwambia unamwita mke mwenzako, amecheka mpaka ameshika ukuta. Mama yake amenunua kanga mpya na taulo jipya kwa ajili ya safari, na anawatangazia majirani kwamba anakwenda Tabora kuoga. Hasemi anakwenda kuwaona wakwe. Anasema kuoga.

Umenifurahisha kwa habari za mninga. Nilisahau mambo mawili. Mwambie Dismasi azipake mbao vanishi, zikauke, apake tena. Na kwenye ule mwanya wa juu, na chini pia, apige wavu mwembamba, wadudu wasije wakaingia nyuma ya mbao wakafanya makazi. Wavu usisahaulike, Bibi.

Sasa niambie. "Babu yupo, amekaa." Amekaa wapi? Babu Eustace hajawahi kukaa tangu nimjue. Mwezi wa tatu na wa nne huwa porini kwenye mizinga yake ya nyuki. Nimemuuliza Revocatus, akaanza kukagua tairi za lori. Nimemuuliza tena, akaingia kabisa uvunguni. Kuna nini?

Mathias


Itetemia,
2 Juni 2024

Mume wangu,

Marahaba. Barua yako ya mwezi wa nne nimeipata jana. Lori la Revocatus lilivunjika ekseli Manyoni, akakaa huko mpaka akaanza kulima bustani. Sisi hatujambo kwa namna yetu. Mtoto wa Martha ameng'oka meno ya mbele, mahindi tumevuna.

Wavu. Unasema wavu. Umechelewa, baba.

Sasa itanibidi nikuambie zile mbao zilikotoka, na nikikuambia hilo itanibidi nikuambie na lile jingine. Kaa chini.

Mwezi wa pili babu yako alidondoka mtini akirina asali. Nyonga. Hospitali ya Kitete walimtibu vizuri, Mungu awabariki, akarudi na mkongojo. Ila daktari alimwambia, mzee, habari ya kupanda miti imekwisha. Hakujibu. Alipofika nyumbani akakaa kwenye kiti, akageukia ukutani, akasema, "Eustace amefariki." Nikadhani ni utani, nikamwambia pole. Akasema, "Ahsante, tumepokea."

Tangu siku hiyo babu yako ni marehemu. Watu wakija, "Shikamoo Babu," kimya. Ukimsukuma sana anasema marehemu haitiki. Katekista alikuja kumjulia hali, akaambiwa aseme sala ya wafu, akaisema, maana angefanyaje. Simu ameifukia nyuma ya nyumba. Chakula anakula! Marehemu huyu anamaliza ugali kuliko wazima wote wa Itetemia. Kuoga ndiko alikokataa. Anasema maiti haiogi, huoshwa, na waoshaji hajawaona. Nimekaa na hali hiyo mimi, Mathias, mwezi wa tatu na wa nne, madirisha wazi.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja mbio, ukaacha kazi, ukaacha mchumba, kwa ajili ya mtu ambaye asingekuitikia salamu. Ningeumia kuliangalia hilo.

Akasema mizinga yake iliyokuwa bandani ichomwe kuni. "Marehemu hana wa kumrithisha. Mjukuu yuko pwani anapigilia mbao kuta za wazungu." Nami nikaona kuchoma mninga ni dhambi, na barua yako ilikuwa imefika. Dismasi akaibomoa mizinga, mbao zikaenda bafuni. Ndiyo hizo.

Sasa angalia ujinga wetu. Wewe umelelewa na mrina asali. Mimi nimeolewa na mrina asali. Dismasi anatengeneza mizinga tangu kijana huko Ulyankulu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza. Mbao zilizokunywa nta miaka na miaka. Nyuma yake giza. Nafasi ya dole gumba. Mwanya juu. Mathias, tumejenga mzinga mkubwa kuliko yote ya mkoa huu, tukaweka na ndoo na sabuni ndani.

Walikuja baada ya Pasaka. Kwanza mmoja, anapita kwenye mwanya, anatoka, kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga. Nikampungia kanga. Kumbe ndiye mjumbe. Siku ya pili yake, saa za jua kali, anga ikanguruma, kundi zima likatua kwenye ukuta wa bafu. Martha alikuwa ndani. Alitoka kama alivyozaliwa, na majirani mpaka leo wana adabu ya kutolitaja.

Babu yako alikuwa kitini, uso ukutani. Akainua kichwa. Akasema, "Malkia ameingia." Lilikuwa neno lake la kwanza lisilo la msiba. Akashika mkongojo, akaburuta kiti chake mpaka mlango wa bafu, na hapo ndipo anaposhinda. Anawasemesha Kinyamwezi. Tena anaoga! Asubuhi na jioni anaingia humo, nyuki wanamtembea kichwani, anatoka amenawiri. Nikimwambia kumbe umeoga, anasema hakuoga, amekagua. Watu wengine bado haongei nao, salamu bado haitiki. Lakini nimemsikia akicheka. Nimelia jikoni, nikasingizia kitunguu.

Haya, nishauri. Nikiwafukuza nyuki, marehemu anarudi kaburini. Nikiwaacha, Mama Levina anaingia kuoga na kutoka na neno lake. Umebaki mwezi na kidogo.

Bibi yako aliyechoka,
Dafrosa


Bagamoyo,
15 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo haraka haraka. Wote wazima huku, ila mimi.

Kwa nini hukuniambia? Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikamaliza nimelala sakafuni kwenye bafu la watu. Babu kaanguka mwezi wa pili, na mimi mwezi wa tatu nakuandikia habari za fito. Nije? Sema neno tu nipande basi.

Nimewaza kila kitu. Kujenga bafu jingine la bati, lakini Mama Levina ameshaahidiwa mninga. Kusema bafu linatengenezwa, atauliza linatengenezwa nini. Kuahirisha, haiwezekani, taulo limeshanunuliwa. Nimejaribu kumwambia Flavia ukweli, nikafika kwenye "Babu yangu ni marehemu ila anaoga," nikaona uso wake, nikabadilisha mazungumzo.

Unaona karatasi ilivyochafuka hapa. Niliandika "wafukuze", nikafuta. Nikaandika "waache", nikafuta. Flavia nampenda, Bibi, sitapata mwingine kama yeye, na sitaki aje akae kama Levina akitazama barabara. Lakini huyo mzee alinibeba mgongoni kwenda porini kabla sijajua kutembea. Sasa naandika na sifuti tena: waache. Kama ni "Hapana", iwe "Hapana".

Lakini Bibi, jitahidi.

Mathias


Itetemia,
28 Juni 2024

Mume wangu,

Marahaba. Nimeisoma kwa sauti karibu na mlango wa bafu, kwa makusudi. Marehemu alijipangusa uso kwa muda mrefu.

Usije. Mwoaji hatangulii wakwe, ukija watasema umekuja kuficha jambo. Tena babu yako amesema, akiongea na nyuki lakini mimi nasikia, kwamba salamu ya mjukuu ni deni la uso kwa uso na haiitikiwi kwa barua. Kwa hiyo hata salamu zako usitume.

Masharti ya bafu ni haya, nimeyapata kwake kwa kuuliza hewani: mtu asijipake marashi, asipige kofi, asikimbie. Na akiogopa aimbe kwa sauti ya chini. Mwambie mama mkwe wako hilo la marashi. Mengine niachie.

Dafrosa


Bagamoyo,
17 Julai 2024

Bibi,

Najua barua hii itafika baada yao, naandika tu ili mikono iwe na kazi. Mama Levina na mdogo wake wameondoka leo kwenda kupanda treni. Nilimwambia, "Mama, usijipake marashi." Akaniuliza kwa nini. Nikajifanya nafunga mzigo. Akaniangalia sana, halafu nikamwona anaongeza chupa nyingine kwenye mkoba.

Shikamoo.

M.


Itetemia,
24 Julai 2024

Mathias, mume wangu,

Kaa chini tena. Safari hii kaa kwenye kitu kipana.

Tuko wazima, Mungu ni mkubwa. Wageni walifika Ijumaa. Mama Levina ni mwanamke na nusu, mlango wetu aliupita kwa ubavu. Kabla hajaweka mzigo chini, akanishika mabega akayapapasa. "Shikamoo Bibi. Nilitaka kuona kama sugu za mizigo bado zipo!" Nikamwambia, "Marahaba. Zipo, na wewe kicheko cha barazani bado unacho." Tukacheka mpaka mdogo wake akatuletea maji.

Ila nilikuwa kwenye mtihani. Mkwe haangaliwi usoni, na mkwe na bafu havitajwi siku moja. Lakini Mzaramo ni mtani, na mtani ana ruhusa ya kulala kaburini mpaka apewe chake. Sasa huyu nimheshimu au nimtukane? Nikawa namheshimu kwa chakula na kumtukana kwa mdomo. Alikula kuku, akala na mlenda wa karanga, akalala. Akinuka marashi mpaka ndani ya ukuta.

Asubuhi akatoka na taulo lake begani. Babu yako alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, akamwamkia, kimya. Mimi nikasema, "Mkwe wangu, ukiwa humo usipige kofi, usikimbie, na ukiogopa imba chini chini." Akasema, "Bibi, hili ni bafu au kambi?" Akaingia.

Kwanza tulimsikia, "Lo! Mninga mtupu! Jamani mninga!" Tukasikia anapapasa mbao. Akamwaga maji, akaanza kujipaka sabuni, na sabuni yake ilikuwa ya waridi, mwanangu, waridi! Halafu, "Bibi, mbona ukuta unanguruma?"

Kisha likapigwa yowe ambalo nadhani hata Isevya kule mjini walilisikia.

Ndipo marehemu akafumbua kinywa. Miezi yote hajamsemesha binadamu bila kusukumwa. Akapaza sauti ile yake ya porini, unaikumbuka. "Mkwe! Simama hapo hapo!"

"Nimesimama!"

"Una sabuni usoni?"

"Ninayo! Siwaoni, nawasikia! Wananitembea mgongoni!"

"Wanakusoma. Waache wamalize kusoma."

"Watanisoma mpaka lini? Kwani wewe ni nani?"

"Mimi ni marehemu."

Hata nyuki nadhani walinyamaza.

"Marehemu gani?"

"Eustace. Babu wa mwoaji."

"Ulikufa lini?"

"Mwezi wa pili."

Nikafumba macho. Nikasema basi, Flavia ndiyo ameshakwenda, mjukuu wangu atazeeka peke yake kwa sababu ya nyonga ya mtu. Mdogo wake Mama Levina alikuwa ameshapiga magoti ana rozari.

Halafu sauti ikatoka bafuni, ya chini. "Marehemu, sasa nifanyeje?"

"Jimwagie maji polepole, anzia kichwani. Sabuni hiyo wanaidhani ni shamba. Na uimbe."

Akaimba. Aliimba wimbo wa kupokea bwana harusi, kwa sauti nene, na babu yako akiuitikia kutoka nje akigonga mkongojo. Na mama anaoga. Mathias, aliimaliza ndoo yote! Mtu mwingine angetoka mbio kama Martha. Yule mama alioga mpaka kisigino.

Alipotoka alikuwa amejifunga vizuri, kanga mpya mkononi, na ameumwa mahali pamoja tu, ncha ya pua. Ilikuwa inakua tunaiona. Wote tukasimama kungoja neno.

Hakusema "Hapana". Hakusema "Ndiyo". Aligeuka, akaitandaza ile kanga mpya juu ya mlango wa bafu, akasema neno moja.

"Langu."

Unajua mwenyewe, mtani akishatandika kanga yake juu ya kitu, hakuna wa kumkatalia na hakuna wa kukasirika. Akasema, "Nyie Wanyamwezi mlibeba mali za watu mpaka Bagamoyo, sisi tukawacheka. Safari hii bebeni yangu. Bafu hili, mbao zake, nyuki wake, na marehemu wake. Siku litakapofika mlangoni kwangu, ndiyo siku binti yangu atakapotoka. Lisipofika, na yeye hatoki." Kisha akaniomba kitunguu cha kupaka puani.

Nilimwangalia babu yako. Nikajua sasa ndiyo anakufa kweli, amenyang'anywa hata nyuki. Akainuka kwenye kiti. Bila mkongojo, Mathias, alisimama kama dakika hivi kabla ya kuukumbuka. Akasema, "Nyuki hawasafiri ukutani. Mbao zirudi kuwa mizinga kwanza." Kisha akasema, "Na bila mrina hawafiki."

Dismasi amezing'oa mbao, amezirudisha mizinga kama zilivyokuwa, babu yako akiwahamisha nyuki kwa moshi kidogo na maneno mengi. Revocatus alikataa katakata kupakia. Mama Levina akamwelekezea ile pua tu, akakubali. Wanaondoka wiki ijayo na lori tupu linalofuata saruji, njia ile ile ya wazee, Manyoni, Dodoma, Morogoro, mpaka baharini. Babu yako amekataa kukaa mbele. Atakaa nyuma na mizinga.

Nimeshaanza kumfungia viazi na kofia ya baridi. Nikamwambia, "Safari njema, baba." Akasema, "Marehemu haagwi mara mbili." Lakini baadaye alirudi jikoni akasimama tu, akaniangalia ninavyosonga ugali. Nyumba itakuwa kimya, siwezi kukudanganya. Mrudishe kabla ya mvua.

Mimi sasa naogea matofali matupu. Chura ameshaingia. Nimemwacha.

Mke uliyemwacha kwa ajili ya Mzaramo,
Dafrosa


Bagamoyo,
5 Agosti 2024

Bibi yangu Dafrosa,

Shikamoo. Wote ni wazima, na nina mengi ila nitasema kwa kifupi, Revocatus anapiga honi.

Lori liliingia jana jioni. Mtaa mzima ulitoka, halafu mtaa mzima ukaingia ndani na kufunga madirisha. Mama Levina peke yake ndiye aliyebaki barabarani. Pua yake imepungua, ila anawasimulia watu kwa namna ambayo bado ni kubwa. Akaizunguka mizinga, akaigonga mmoja mmoja kama anayenunua nazi. Akasema, "Mzigo umefika." Akaingia ndani, akatoka amemshika Flavia mkono, akauweka mkono ule mkononi mwangu mbele ya wajomba zake wote. Bibi, nimekubaliwa! Ndoa ni mwezi wa kumi, uje na gauni.

Babu alishuka mwenyewe, amejaa vumbi la nchi nzima. Nikamwendea, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Babu." Kimya. Flavia akaniangalia. Nikasema tena. Kimya. Alikuwa anaitazama mikorosho iliyo nyuma ya nyumba. Akachagua mmoja kwa mkongojo. "Ule," akasema. "Mimi siwezi kupanda."

Nikavua viatu. Sijapanda mti wenye mzinga tangu niondoke kwenu. Revocatus na wajomba wakauvuta mzinga kwa kamba, mimi niko juu kwenye tawi, nyuki wananguruma kifuani mwangu, naona ubao ule mwekundu una matundu ya misumari ya Dismasi, na unanuka nta na sabuni ya waridi. Nikaufunga waya kama alivyonifundisha, mara ya kwanza kulia, mara ya pili kushoto. Mikono ilikumbuka yenyewe. Nikautikisa, ukatulia.

Halafu nikamsikia, chini ya mti, kwa sauti ile ya porini.

"Marahaba."

Mume wako,
Mathias